Ukitaka kurekodi siku za bakora, anza na karafuu

Mara ya kwanza kumrekodi bibi yangu, kwetu Wete, Pemba, niliharibu kila kitu kwa swali moja. Nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimejaa maneno. Nikamwuliza, "Bibi, Baraza la Mapinduzi lilivunja vipi haki zenu za binadamu?" Akanitazama. "Haki zipi hizo, mjukuu wangu?" Akarudi kwenye karafuu zake. Ilipita miezi minne kabla hajakubali tena nimwekee simu mbele.

Kwa hiyo kama una mzee nyumbani aliyeuona mwaka 1964 na iliyofuata, pale baada ya Mapinduzi ya Zanzibar watu walipokuwa wakichapwa bakora, usimwulize habari za haki. Mwulize vitu. Bakora alishika nani? Watu walilazwa wapi? Walihesabiwa kwa sauti? Siku ile nyumbani kulipikwa nini? Mimi nilipouliza baba yake alirudi amevaa nini, mkono wa bibi ulisimama juu ya ungo. "Kanzu," akasema. "Imemganda mgongoni. Mama akapasha maji, akawa anammiminia kidogo kidogo mpaka kitambaa kikaachia. Ikatuchukua mpaka magharibi." Swali langu la chuo lisingeifikia kanzu ile.

Mpe mzee kazi ya mikono. Mtu anapochambua karafuu macho yako chini, na maneno hutoka yenyewe. Ila simu usiilaze mkekani: rekodi yangu moja nzima imejaa sauti ya makonyo ya karafuu yakikatika. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, zima mtandao isije ikalia, tamka tarehe na mahali, ndipo uanze. Na kaeni uani. Barazani kila apitaye hutoa salamu, na kila atoaye salamu ana masikio.

Tarehe hazitakuja kwa mwaka. Tafuta vigingi vya kuzifungia. Mapinduzi yalikuwa Jumapili, 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani, na wazee wengi wanaukumbuka mfungo ule. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui siku ya Ijumaa, 7 Aprili 1972. Uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi ulikuwa 1980. Basi uliza: kabla ya Karume kufa au baada yake? Wakati wa foleni za mchele? Ulikuwa umeshaolewa? Kwa njia hiyo nilijua kuwa kesi ya jirani yetu ilisikilizwa kwenye zile mahakama za wananchi, ambako waliohukumu hawakusomea sheria na mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Mwenyewe alikuwa akisema tu "walinipeleka kwa wale watatu".

Kila anachokwambia, kitenge: aliona, au alisikia? Usimwulize kwa ukali, ataona unamwita mwongo. Sema, "Na wewe bibi ulikuwa umesimama wapi?" Akijibu "miye sikuwepo, alinihadithia shangazi", andika hivyo hivyo pembeni. Simulizi ya shangazi nayo ina thamani, lakini isivae nguo za shahidi.

Warekodi na wale wasiolia. Jirani yetu mwengine babake alipewa eka tatu, na kwake yeye Mapinduzi ndiyo yaliyomfanya mtu. Nilitaka kubishana naye. Nashukuru nilinyamaza, kwa sababu dakika kumi baadaye alinieleza kwa kirefu namna watu walivyokuwa wakikusanywa, jambo ambalo waliopigwa walikuwa hawataki kulisema.

Sasa ruhusa. Hapa nilikosea vibaya. Nilimrushia binamu yangu kipande cha dakika mbili kwa WhatsApp, nikamwambia ni chake peke yake. Siku ya tatu kilikuwa kinasikilizwa kwenye harusi mjini Chake Chake. Ndani yake bibi alitaja jina la aliyeshika bakora, na wajukuu wa mtu huyo tunachota nao maji kisima kimoja. Mmoja wao alikuja kumwamkia bibi, kwa adabu sana, akakaa sana. Bibi hakunisemesha mpaka ilipoisha Ramadhani.

Tangu hapo, kabla ya kuanza, namwuliza mzee mambo matatu na majibu yake yanaingia kwenye rekodi kwa sauti yake: nani asikie, jina lake litajwe au lisitajwe, na kama rekodi ifunguliwe sasa au baada ya kufa kwake. Majina ya waliopiga nayaandika kwenye daftari la peke yake, na kwenye maandishi naweka herufi. Nakala moja ya sauti iko kwangu, ya pili kwa ndugu aliye nje ya kisiwa. Ninapoandika naacha Kipemba chake kama kilivyo. "Miye" ibaki "miye".

Akichoka, muache. Akisema "zima", zima mbele ya macho yake, umwonyeshe kioo kimekuwa cheusi. Bibi aliniambia hivyo mara moja tu, tulipofika kwa kaka yake aliyeondoka usiku kwa ngalawa. Nikazima. Akaendelea kuzungumza mpaka alfajiri inakaribia, na hayo sijayaandika popote.