Namna ya Kushika Msimamo wa Kikristo Kazini Rushwa Inapoletwa

Mkristo anayefanya kazi ya ugavi, ya forodha au ya kukagua miradi hujaribiwa kidogo kidogo, kwa bahasha inayoitwa hela ya chai, na mara nyingi bahasha hiyo hufika wakati ada ya shule inadaiwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuamua mapema. Danieli aliazimu moyoni mwake kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme, kisha ndipo akaenda kuzungumza na mkuu wa matowashi. Anayesubiri mpaka bahasha iwe mezani ataamua akiwa tayari anaitamani.

Azimio hilo liandikwe kwa maneno yanayoigusa kazi yenyewe. Kusema "nitakuwa mwaminifu" hakutoshi. Andika kwamba hutapokea fedha, simu wala mafuta ya gari kutoka kwa mzabuni, kwamba hutasaini hati ya kupokea mzigo ambao hujauhesabu, na kwamba hutadai posho ya siku ambayo hukuwa safarini. Hili la posho nalisisitiza, kwa sababu wapo waumini wanaoikataa rushwa kwa moyo wote lakini huongeza siku kwenye fomu ya safari bila dhamiri kuwasuta, na huo ni wizi. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, bali wasitoze kitu zaidi ya walichoamriwa.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani, kwani shinikizo zito kuliko yote halitoki kwa mzabuni, linatoka kwa ndugu wanaouliza mbona wenzako wamejenga. Nehemia alipokuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali, na anaandika wazi kwamba ndugu zake nao hawakukila. Mke au mume asiyeelewa kwa nini umekataa atayaona maisha ya kubana matumizi kama adhabu uliyomletea. Mweleze kabla, mpange bajeti ya mshahara halisi, na mkubaliane ni nini mtakachokikosa.

Siku yenyewe ikifika, jibu kwa ufupi na kwa heshima: "Nakushukuru, lakini sipokei, kazi yako itafanyika kwa zamu yake." Usimhubirie. Baada ya hapo ifanye kazi hiyo kwa wakati, maana anayekataa bahasha kisha akaliacha faili likae humfanya mteja aamini kwamba kiasi kilikuwa kidogo. Kama zawadi imeachwa mezani, irudishe mbele ya shahidi na umjulishe msimamizi wako kwa maandishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia, na taarifa hupokelewa na TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Nchini Kenya hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Tegemea gharama. Unaweza kuhamishwa, kunyimwa safari au kuitwa mlokole anayejifanya mtakatifu. Wakuu wenzake walipotafuta sababu ya kumshtaki Danieli katika mambo ya ufalme hawakuiona, kwa hiyo nawe tunza nakala za ankara, fika kwa wakati na uijue kazi yako vizuri, ili wasiokupenda wasipate kosa la kweli la kukushika nalo.

Na aliyekwisha kupokea afanye nini? Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, hakuishia kutubu kwa maneno. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mwone padri au mchungaji wako, na mwanasheria pia ikiwa kiasi ni kikubwa, upange namna ya kurejesha kwa mwenye mali, awe mtu binafsi au taasisi. Fedha hiyo usiitie katika kapu la sadaka ukidhani umeitakasa, kwa sababu ina mwenyewe, naye bado anaidai.