Somo: Umetoa pensheni yako Marekani, ritani ya TRA unaijazaje?

Somo hili ni la ndugu zetu waliofanya kazi Marekani, wakarudi Mwanza, na sasa wanatoa akiba yao ya 401(k), yaani mfuko wa akiba ya uzeeni unaopitia kwa mwajiri kule. Wengi wanajaza kiasi kilichoingia benki. Ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka unayoipeleka TRA, inataka kiasi chote, kabla ya makato ya kule.

Hatua ya 1. Jua kama wewe ni mkaazi kikodi. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo sehemu yoyote ya mwaka, au ukikaa siku 183 na zaidi, wewe ni mkaazi, na mkaazi hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Kuna nafuu kwa ambaye jumla ya ukaazi wake hapa, maisha yake yote, haijazidi miaka miwili. Wewe uliyezaliwa Bugando na kusoma Nsumba, miaka hiyo uliimaliza ukiwa bado unanyonya.

Hatua ya 2. Tafuta fomu 1042-S kutoka kwa msimamizi wa mfuko. Kisanduku cha 2 kina kiasi chote, cha 7a kina kodi iliyozuiwa. Asiye raia wala mkaazi wa Marekani kwa kawaida hukatwa 30%, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani.

Hatua ya 3. Badili kuwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya malipo. Usitumie cha duka la fedha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo pa kutulia. Tuseme umetoa dola 20,000, zikazuiwa 6,000, na dola moja ni shilingi 2,500. Unaonyesha milioni 50, wala si 35. Kama huna mapato mengine, kodi ya Tanzania ni 12,936,000: mpaka milioni 12 za mwaka ni 1,536,000, zinazobaki ni 30%. Kule umeshalipa milioni 15. Punguzo la kodi ya nje, yaani kodi uliyolipa kule inayoondolewa kwenye kodi ya hapa, halizidi kodi ya hapa kwa mapato hayohayo, kwa hiyo hudaiwi kitu, ila 2,064,000 zilizozidi TRA hawakurudishii.

Hatua ya 5. Tuma kwa mtandao kabla ya Juni 30, na utunze nakala ya fomu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kama sidaiwi kitu, kwa nini nijisumbue?*
Kwa sababu punguzo halijileti lenyewe, ndugu yangu. Usipoonyesha, siku ya ukaguzi yatahesabika kama mapato uliyoficha.

*Shikamoo mwalimu. Pesa nimeiacha benki ya kule, haijafika Kirumba. Nayo?*
Marahaba. Nayo. Ikishatoka kwenye mfuko kuja kwako, ni mapato yako hata ikikaa kule.

*Mimi nilikuwa Kanada, dada yangu Uingereza. Ni vilevile?*
Kanada tuna mkataba nayo, kama ilivyo kwa India, Norwe, Sweden na Zambia, basi soma kwanza kipengele cha pensheni. Uingereza hakuna, dada yako afuate hatua hizihizi, ila kwa hati ya kodi ya kule badala ya 1042-S.

*Nikijaza ritani ya Marekani nikarudishiwa sehemu ya ile 30%?*
Punguzo hutolewa kwa kodi uliyolipa kweli. Ukirudishiwa dola 3,000, kodi ya nje kwenye mfano wetu inabaki shilingi 7,500,000, na TRA unawadai wao? Hapana, wao ndio wanakudai 5,436,000. Rekebisha ritani yako mapema.