Umenunua baiskeli ya umeme? Mota iache kwanza

Mteja akifika kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na baiskeli ya umeme ambayo bado ina nailoni kwenye usukani, swali la kwanza huwa lile lile: “Fundi, spidi inafunguka?” Inafunguka. Nyingi zimefungwa zikomee kilometa 25 kwa saa, na kwa baadhi ni suala la kubadili namba mbili tatu kwenye kioo cha usukani. Lakini kabla sijamjibu humwomba akamate breki zote mbili, kisha naisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Mara nyingi inatembea.

Ukitoka 25 ukafika 35, umbali unaohitaji ili usimame unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye betri na breki, ya pili kwenye ekseli na tairi, mapambo yafuate. Nitazungumzia zaidi baiskeli yenye mota ya habu, yaani iliyo katikati ya gurudumu, na betri ya lithiamu ya 36V, maana ndiyo ninayoiona sana na ndiyo ninayopanda mwenyewe kati ya Pongwe na mjini. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye mota pale kwenye pedeli, ni ukoo mwingine. Sheria ya kwao inataka mota iache kusaidia ukifika kilometa 24 kwa saa, na betri zake huzungumza na mota kwa waya zake, hivyo huwezi kuchomeka betri yoyote tu. Ukiikuta inauzwa bila betri, ilipe bei ya baiskeli ya kawaida.

Vifaa: multimita (kipimo cha volti) ya bei ndogo, spana ya 18, seti ya alenki, spana ya spoku, kopo la mafuta ya mgando, na chupa ya rangi ya kucha. Ya kucha utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: Ijue betri yako kwa namba

Vile vijisanduku vinne au vitano vya chaji kwenye kioo usiviamini. Ukipanda mlima vinashuka, ukisimama vinarudi. Betri ya 36V ina seli kumi zilizofuatana, na kila seli ikijaa inafika volti 4.2. Kwa hiyo betri iliyojaa isome 42.0. Iache ipumzike nusu saa baada ya safari, weka multimita kwenye DC 200, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na angalia ncha zisigusane, cheche yake si ya mchezo. Ikisoma 37 hivi, uko karibu na nusu. Ikisoma 35, nenda nyumbani. Kwenye 30 au 31 kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota, itakata yenyewe, na ukiwa katikati ya njia utakanyaga kilo zaidi ya ishirini za chuma kwa miguu yako.

Ile ya 48V ina seli kumi na tatu, ikijaa inasoma 54.6.

Sasa ujazo. Mimi niliwahi kuuziwa betri iliyoandikwa 15Ah, yaani ampea-saa 15, kwa herufi kubwa za fedha. Wiki ya pili nikaanza kuitilia shaka, nikaipima kwa njia ambayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya saa ya ukutani. Endesha mpaka betri ijikate. Ipumzishe ipoe. Chomeka chaja, andika saa. Angalia chaja imeandikwa ampea ngapi, nyingi ni 2A. Taa ikigeuka kijani, andika saa tena. Zidisha masaa kwa ampea za chaja, utapata ujazo kwa makadirio ya karibu, tena yenye kuipendelea betri kidogo, kwa sababu mwishoni chaja hupunguza kasi. Betri ya kweli ya 15Ah ingechukua zaidi ya masaa saba. Yangu ilijaa kwa manne na nusu. Hiyo ni 9Ah, ikijitahidi.

Nilipoirudisha, muuzaji akaniambia labda naendesha vibaya. Tangu siku hiyo nabeba mzani wa kuning’iniza. Betri ya 36V yenye 15Ah halisi haiwezi kuwa chini ya kilo mbili, seli peke yake zinapita hapo. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama mkate, mrudishie mwenyewe.

Ukishajua ujazo, zidisha kwa volti. 36 mara 10 ni wati-saa 360. Mtu anayekanyaga huku mota ikimsaidia, kwenye tambarare ya Tanga, hutumia kama wati-saa 10 kwa kilometa, anayekaa tu na kushika mafuta, yaani kishikio cha kuongeza mwendo wa mota, hutumia zaidi ya hapo. Piga hesabu ya safari yako mwenyewe, maneno ya kwenye boksi yaache dukani.

Hatua ya 2: Chaji kama mtu mwenye betri moja tu

Soma maandishi ya chaja kabla ya kutazama kama pini inaingia. Ya betri ya lithiamu ya 36V lazima iandikwe 42V. Kuna baiskeli za bei nafuu zinazotumia betri za asidi, na chaja zake za “36V” hutoa takriban volti 44. Pini zinaweza kufanana kabisa. Ndani ya betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi, mafundi tunaiita BMS, lakini usiifanye ndiyo mlinzi wako wa kila siku.

Ukifika kutoka juani, iache betri ivutwe na upepo kwanza, ukiigusa iwe baridi ndipo uchaji. Usichajie kitandani, wala kwenye kochi, wala kwenye korido ambayo ndiyo njia yenu ya kutokea. Lithiamu ikiwaka haizimwi na ndoo. Mimi nachaji jioni niko macho, juu ya sakafu ya saruji. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo uchomeke. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi, kujaza betri ya wati-saa 360 hakufiki nusu ya yuniti.

Ukisafiri mwezi mzima, iache betri kwenye volti 37 au 38. Usiiache imejaa, na usiiache imekauka.

Hatua ya 3: Breki

Hapa usiwe bahili. Breki za diski za waya zinazokuja na baiskeli hizi si mbaya, tatizo zimefungwa haraka kiwandani. Fanya hivi. Geuza baiskeli, zungusha gurudumu, sikiliza. Likikwaruza upande mmoja, legeza bolti mbili zinazoshika kalipa (kile kinachobana diski), bana breki kwa nguvu, na ukiwa bado umebana kaza bolti hizo kidogo kidogo kwa zamu. Kalipa itajikalia yenyewe katikati. Kisha vuta waya mpaka hendeli ibane kabla haijafika nusu ya njia yake kuelekea usukani.

Waya wenyewe badilisha. Ni shilingi chache, na gamba la waya la kiwandani mara nyingi limekatwa refu mno, linapinda pinda, nguvu ya vidole inaishia humo humo. Kata gamba ukiacha nafasi ya usukani kugeuka tu.

Pedi zikikaribia unene wa milimita 1, toa. Ukiweka mpya, zifunde: tafuta barabara tupu, endesha, punguza mwendo kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia mara ishirini hivi. Utasikia zinaanza kushika. Diski usiiguse na mkono wenye grisi. Ikiguswa, futa kwa spiriti. Kuna kijana alipulizia oili cheni yake akaloweka na diski, akaniambia alitaka “isipige kelele”. Kelele iliisha kweli, na breki ikaisha nayo.

Ukitaka kupandisha daraja, diski ya mbele ya milimita 160 ibadilishe iwe 180 na adapta yake. Kabla ya kununua hakikisha foki yako, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inaikubali.

Mwisho jaribu swichi ya kukata mota. Inua gurudumu lenye mota, shika mafuta lizunguke, gusa hendeli ya breki kidogo tu. Mota inyamaze papo hapo. Isiponyamaza, waya wa swichi umechomoka au sumaku imehama, na baiskeli hiyo haitoki kibandani mpaka ipone.

Hatua ya 4: Nati za ekseli

Ekseli ya baiskeli ya kawaida inashikilia gurudumu. Ekseli ya mota inafanya kazi nyingine: mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni zile bapa mbili, pande zake zilizokatwa bapa, zilizokaa kwenye mwanya wa frimu. Nati ikilegea, bapa zinatafuna mwanya, ekseli inageuka, na waya wa mota unaopita katikati ya ekseli unakatika kama uzi.

Yangu ilinikatikia njia ya Pongwe, saa mbili usiku. Sikuwa nimefunga mkono wa kuzuia ekseli, kile kipande cha chuma chenye tundu la bapa kinachofungwa kwenye frimu. Kinauzwa bei ya chakula cha mchana. Kifunge, hasa kama mota iko mbele kwenye foki ya aluminiamu.

Ile washa (kiduara cha chuma cha chini ya nati) yenye jino, jino liingie ndani ya mwanya wa frimu, lisielekee nje. Kaza nati. Halafu chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye ekseli. Mstari ukivunjika, nati imetembea, na utauona kila asubuhi bila kushika spana. Mimi huomba chupa ya mke wangu, ile nyekundu, na kila mara anauliza ni baiskeli ya nani hiyo inayopakwa kucha. Kaza upya baada ya kilometa 50 za kwanza.

Hatua ya 5: Tairi

Sisi wa huku tuna mkonge, na ncha ya jani la mkonge haijali tairi la nani. Weka mkanda wa kinga kati ya tairi na tyubu, au ukikosa, kata tyubu ya zamani utandike humo. Upepo ujaze kadiri ilivyoandikwa ubavuni, maana tairi laini linakula betri.

Pancha ikitokea kwenye gurudumu la mota, usikimbilie kulitoa. Laza baiskeli, toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu nje pale ulipohisi tundu, ziba, irudishe. Nati za ekseli hazijaguswa, waya haujachomolewa. Ukilazimika kuchomoa plagi ya mota, vuta plagi yenyewe wala si waya, na wakati wa kurudisha linganisha mishale miwili iliyochorwa. Ukiipinda katikati ya kusukuma, pini za ndani zinalala.

Spoku zipige kwa kucha mara moja kwa mwezi. Inayotoa sauti ya chini kuliko wenzake imelegea.

Hatua ya 6: Keria, taa na maji ya chumvi

Kuna mama anayechukua samaki kwenye soko la Deep Sea na kuwazungusha mitaani. Alikuja nimfungie keria ya kubeba kasha. “Fundi mwanangu,” akasema, “inazima yenyewe, halafu inawaka ikijisikia.” Betri yake ilikuwa chini ya keria. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanachuruzika juu ya plagi, kila siku. Nilipoifungua, pini zilikuwa na ukungu wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza sinia la plastiki chini ya kasha, lenye bomba dogo la kupeleka maji nyuma ya gurudumu. Pili, pini zikasuguliwa kwa mswaki na spiriti, zikakauka, zikapakwa mafuta ya mgando kidogo kabla ya kufungwa. Tatu, kila waya unaoingia kwenye betri au kontrola ukaachiwa tumbo, ushuke chini kwanza kisha upande, ili tone lidondokee pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Hata kama hubebi samaki, upepo wa bahari unakuhusu. Na usiioshe kwa mashine ya presha ya waosha magari. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Keria nunua yenye uzito ulioandikwa, ifungwe kwenye matundu ya frimu. Ile inayobana nguzo ya siti itazunguka na mzigo. Taa usiiunge moja kwa moja kwenye betri kama imeandikwa 6V au 12V, tafuta konvata ya kushusha volti na uweke fyuzi. Kengele, madigadi, kioo cha kutazamia nyuma: weka unachopenda.

Hatua ya 7: Kama bado unataka nguvu

Ongeza Ah, usiongeze volti. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya kontrola za 36V, mara nyingi zimeandikwa kikomo cha 50V au 63V. Betri ya 48V iliyojaa ina 54.6. Fungua kontrola usome kabla ya kuchomeka, kwa sababu kapasita ikipasuka utaisikia, na majirani pia. Wala usiunganishe betri mbili sambamba kama moja imejaa na nyingine haina kitu, ile iliyojaa itamwagia mwenzake kwa kasi ambayo waya haziwezi.

Yule wa spidi humfungulia akirudi na mstari wa rangi ya kucha haujavunjika na breki zinazokamata. Wengi wakirudi hawaulizi tena, wanataka kioo cha pembeni na kishikio cha simu.