Ukiona haya kuzungumza na watu: anza na salamu

Vijana ninaowashauri hapa Lamu huniomba niwafundishe maneno ya kusema. Mimi huwaanzisha kwingine: kukaa mbele ya mtu huku moyo unadunda, mpaka utulie wenyewe. Mazoezi yanapanda ngazi kwa ngazi, usiharakishe.

Hatua ya 1. Pita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, asubuhi, usalimie wazee waliokaa barazani. "Shikamoo" ina jibu lake tayari, kwa hiyo huna la kubuni. Mtazame mtu usoni, sauti isikike, kisha endelea na safari yako. Rudia kila siku hadi uone ni jambo la kawaida.

Hatua ya 2. Baada ya salamu, uliza swali moja. Muuza kahawa anafaa, maana amezoea watu.

Hatua ya 3. Swali la pili lizaliwe na jibu ulilopewa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo pafanyie kazi sana. Tuseme uko gatini na nahodha anasubiri abiria wa Shela:

"Shikamoo, ami. Habari za leo?"
"Marahaba. Njema, ila upepo wa kusi umechachamaa."

Mwenye hofu hujibu "aa," kimya kikaingia, kwa kuwa alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Wewe shika neno "kusi": "Ikivuma hivi, safari ya Shela inakuwaje?" Hapo atakueleza. Swali la ndiyo au hapana hufa haraka. "Vipi" na "ikawaje" huzaa mazungumzo.

Hatua ya 4. Sasa kaa na kundi, kwa mfano uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Kabla ya kutoka nyumbani andika unachokiogopa: "Watanicheka." Ukirudi, andika kilichotokea kweli, ulinganishe. Simu ibaki mfukoni. Ukiikimbilia, utaamini ndiyo iliyokuokoa, na hofu itabaki pale pale.

Mabanati (wasichana), baraza za njiani ni za wanaume zaidi, lakini nyinyi mna nafasi nzuri kuliko hiyo: kupaka hina kabla ya harusi. Mikono imejaa hina, simu haishikiki, na aliye kando yako hana pa kwenda mpaka ikauke. Muulize hayo maua kayachagua vipi.

Ikiwa hofu imekuzuia shule au kazi kwa miezi, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Hali hiyo inatibika, na hatua hizi mtazifanya pamoja.