Bakshishi ugenini: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi walioko nje

Msafiri anayeteremka basi la Dar es Salaam katika stendi ya Mtwara hupatana bei na dereva wa bajaji kabla ya kupanda, na bei ikishakubaliwa mazungumzo ya fedha yamekwisha. Akifika Shangani au Chikongola hulipa kilichosemwa. Pengine atamwachia dereva chenji ya shilingi mia tano akisema, "Hiyo ya maji, kaka," lakini asipoiacha hakuna atakayemwona amekosa adabu. Tunasafiri na mazoea haya hadi nchi za mbali, na huko yanatuangusha, ama kwa kuwanyima watu haki yao, ama kwa kuwapa fedha watu ambao kwao kupewa ni fedheha. Katika miaka kumi na moja niliyoishi Marekani nimepokea wageni wengi kutoka Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea, na karibu wote wameniuliza swali moja: nitoe kiasi gani?

Swali hilo lina linalolitangulia. Kabla ya kujiuliza utoe kiasi gani, jiulize mshahara wa anayekuhudumia unatoka wapi. Ziko nchi ambako bei uliyolipa imekwisha kubeba mshahara wake, kama ilivyo kwetu, na ziko nchi ambako bei hiyo ni sehemu tu ya malipo na sehemu nyingine imeachwa mikononi mwako. Ukilifahamu hilo, viwango utajifunza kwa siku mbili.

Marekani ndiyo inayohitaji maelezo marefu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa sharti kwamba mshahara huo ukijumlishwa na bakshishi ufikie angalau kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, na usipofikia, mwajiri afidie upungufu. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, na California hairuhusu kabisa mshahara pungufu wa namna hiyo, lakini desturi mezani ni ileile nchi nzima. Kwa hiyo mteja anayelipa bili kamili kisha akaondoka na shukrani za mdomo, kama tulivyozoea, amemwachia mhudumu deni bila kujua.

Nami nilifanya hivyo. Wiki yangu ya kwanza nilichukuliwa uwanja wa ndege na gari dogo la abiria lililokuwa limelipiwa tangu mwanzo, na dereva, mtu mzima wa umri wa baba yangu, akanishushia mabegi manne na kuyapandisha hadi mlangoni. Nilimshukuru kwa mikono miwili, akaondoka. Mwana wa shangazi aliyenipokea akaniuliza, "Kaka, mzee amebeba mabegi manne, umempa nini?" Nikamjibu kwamba nauli ilikwisha kulipwa. Alitoka mbio na noti mkononi, lakini gari lilikuwa limekata kona. Sura ya mzee yule ninayo hadi leo, kwa sababu hakunionyesha chuki yoyote. Aliniitikia tu na kwenda zake.

Viwango vya huko ni hivi. Mhudumu wa mgahawa wa kukaa mezani hupewa asilimia 15 hadi 20 ya bili, na hesabu inaweza kufanywa kabla ya kodi ya mauzo, ambayo huko huongezwa mwishoni tofauti na kwetu ambako bei hutajwa ikiwa na kodi ndani yake. Chakula cha dola 40, kwa asilimia 18, kinadai dola 7 na senti 20. Mkiwa kundi la watu sita au zaidi, someni bili kwa makini, kwani migahawa mingi huongeza yenyewe ada ya huduma kwa makundi, nanyi mtajikuta mnalipa mara mbili. Dereva wa teksi hupewa asilimia 15 hadi 20, na wa teksi ya programu ya simu huongezewa ndani ya programu baada ya safari. Mpagazi wa hoteli hupewa dola moja au mbili kwa kila begi. Anayesafisha chumba, ambaye wageni wetu wengi humsahau kwa sababu hawamwoni, huachiwa dola mbili hadi tano kwa kila usiku. Ziache kila asubuhi badala ya siku ya kuondoka, maana wa leo huenda asiwe wa kesho, na uweke kikaratasi chenye neno la shukrani ili ajue kwamba fedha hizo si zilizosahauliwa.

Kuna pia mashine za kadi kwenye vibanda vya kahawa na mikate, ambazo hukugeuzia kioo chenye viwango vitatu vya bakshishi vya kuchagua hali watu nyuma yako wanasubiri. Hapo hulazimiki. Umenunua kitu kwa kusimama, na hakuna aliyekuhudumia mezani. Bonyeza kitufe cha kutoongeza bila kuona haya. Ninalolipinga kwa nguvu ni desturi ya kumpunguzia mhudumu bakshishi kwa sababu chakula kimechelewa jikoni. Kosa hilo si lake, na mwenye malalamiko amwite msimamizi.

Ulaya mambo ni mepesi zaidi. Ufaransa, huduma imo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria, na sarafu chache unazoacha mezani ni hisani tu. Ujerumani watu huongeza asilimia tano hadi kumi, lakini namna ya kutoa ni tofauti: hawaachi fedha mezani, bali humtajia mhudumu jumla wanayotaka kulipa. Bili ikiwa yuro 27 na senti 50, unampa noti na kusema "thelathini", naye anaelewa. Inanifurahisha kwamba neno la Kijerumani la bakshishi, Trinkgeld, maana yake ni fedha ya kinywaji, na la Kifaransa, pourboire, ni "ya kunywa". Ndiyo ile ile "ya maji" yetu. Uingereza migahawa mingi huandika kwenye bili ada ya huduma ya asilimia 12.5, ambayo kwa kawaida ni ya hiari na unaweza kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 2024 sheria ya huko inawataka waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi zote bila kujikatia kitu, hivyo usiogope kulipa kwa kadi.

Ujapani usitoe. Mhudumu atakufuata barabarani akurudishie sarafu zako akidhani umezisahau, nawe utakuwa umemsumbua bure. Shukrani ya mdomo na kichwa kilichoinamishwa kidogo vinatosha. Uchina nako si desturi katika maisha ya kawaida. Muscat, ambako ndugu zetu wengi wana jamaa na ambako unaweza kupanda teksi ukajibiwa kwa Kiswahili, kuzidisha nauli ili iwe tarakimu kamili kunatosha.

Wanaopeleka wagonjwa India watakutana na neno letu wenyewe, kwa kuwa bakshishi ni neno la Kiajemi lililovuka bahari hiyo hiyo hadi huku kwetu. Dereva wa siku nzima na mpagazi wa hoteli hutarajia kidogo. Wodini, hata hivyo, uliza kwanza utaratibu wa hospitali kabla hujampa mtu fedha mkononi. Afrika Kusini mgahawani ni asilimia 10 hadi 15, na mgeni aliyekodi gari atambue watu wawili ambao kwetu hawana desturi ya kupewa: anayekujazia mafuta kituoni, hasa akikufutia kioo, na anayelilinda gari lako maegeshoni. Hao hupewa randi chache.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Bakshishi hutolewa baada ya huduma, kwa mtu asiye na mamlaka juu yako. Fedha inayotolewa mbele ya afisa wa uhamiaji, askari wa barabarani au karani wa ofisi ya umma ili mambo yaende ni rushwa, na katika nchi nyingi mtoaji hushtakiwa sawa na mpokeaji. Sisi tuna sababu ya kuwa makini na maneno, kwa kuwa "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuandikwa katika sheria yetu ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Jina zuri halikubadili lililokuwa likitendeka.

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Mikindani, dereva alimpandishia mizigo ghorofa ya tatu. Nilimwambia mama kwamba nimekwisha kumwongezea dereva bakshishi kwa simu. Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, mtu amenibebea mzigo hadi huku juu, nimuage kwa simu?" Akafungua begi, akatoa pakiti ya korosho zilizokaangwa, akampa kwa mikono miwili. Dereva alifurahi sana. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na ninashauri zawadi iende pamoja na fedha, isichukue nafasi yake, kwa kuwa mwenye nyumba anayemdai kodi hapokei korosho. Tena utaje wazi kilichomo ndani ya pakiti, maana wako watu wenye mzio wa korosho na karanga, na kwao punje moja inaweza kuwa hatari ya maisha.

Limebaki la kurudi nyumbani. Usiyalete Mtwara na Lindi mahesabu ya asilimia 20. Anayetupa noti kubwa kwa kila safari ya bajaji humwachia jirani yake, mwalimu au muuza samaki, bei asiyoimudu wiki inayofuata. Patana kama wanavyopatana wenyeji, kisha umpe ziada aliyekusaidia kweli, kwa faragha na kwa maneno mazuri. Mpe shilingi: tangu 2025 kanuni zinakataza kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na sarafu za yuro au za senti unazodhani ni kumbukumbu nzuri hazibadilishiki popote, kwa hiyo kijana uliyempa amebaki na chuma. Chenji noti zako Dar es Salaam kabla ya kupanda basi la kusini, na utenge za elfu moja na elfu mbili katika mfuko wa peke yake, kwa sababu ukiteremka usiku, aliyekubebea mabegi hatakuwa na chenji ya elfu kumi, na maduka ya jirani yatakuwa yamefungwa.