Kumpandisha mkata miti kwa kreni: vifaa vya kukagua kabla hajainuliwa

Mjakaranda mkongwe uliooza kiini, au mkaratusi uliopasuliwa na radi, haufai kupandwa kwa kamba peke yake. Gari lenye kikapu likiufikia, tumia hilo. Lisipofika, ndipo uite kreni, na iwe kreni kamili: lori la kupakia mawe lenye mkono wa haidroli, au gari la kuvuta magari mabovu, lisimwinue mtu kamwe.

Omba cheti kwanza. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kreni na vifaa vyake vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Kama muda wa cheti umepita, rudisha kreni ilikotoka.

Kisha tazama chini. Kisumu, upande wa Kano, udongo mweusi unaonata hulainika mvua ikinyesha, na mguu mmoja wa kreni ukizama kidogo tu, ncha ya bumu, yaani mkono mrefu wa kreni, huhama sana. Weka mbao nene au bamba pana chini ya kila mguu. Mjini uliza mashimo ya choo yako wapi kabla ya kuegesha.

Soma jedwali la uzito ambao kreni inaweza kuinua kwa umbali utakaofikia, kisha ugawanye kwa mbili. Likisema kilo 1,200, basi mtu, vifaa vyake, ndoano na slingi (mikanda ya kufungia mzigo) kwa jumla visizidi 600.

Kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote ni swichi inayozuia ndoano isigonge ncha ya bumu. Utaona kijiwe cha chuma kikining'inia kwa mnyororo chini ya ncha, waya wa winchi, yaani ngoma inayoukunja, ukipita katikati yake. Ndoano ikikiinua, winchi husimama. Kwenye kreni chakavu kijiwe hicho hufungwa juu kwa waya ili kisisumbue. Hapo ndoano hugonga ncha, waya hukatika na mtu huanguka. Ijaribu ndoano ikiwa tupu: opareta aipandishe polepole mpaka iguse kijiwe. Winchi isiposimama yenyewe, hakuna kupanda. Hakikisha pia kwamba winchi hushusha kwa nguvu ya injini, si kwa kuachiliwa breki.

Ndoano iwe na kilimi kinachojifunga. Kamba ya fundi anayepanda isitiwe humo moja kwa moja: tumia shako (pingu ya chuma) ya boliti, yenye nati na pini ya kuizuia, kisha karabina (kulabu za chuma) za kujifunga. Kamba iwe ndefu ya kumshusha hadi chini injini ikizima. Ikiwa inapita mara mbili, mti wa mita 25 unataka zaidi ya mita 50. Hanesi, mikanda anayovaa mwilini, iwe ya kukalia, ya wakata miti. Ile ya mjengo yenye pete mgongoni ni ya kudaka anayeanguka. Ukining'inia humo, damu hukwama miguuni na unaweza kuzirai baada ya dakika chache. Helmeti iwe na mkanda wa kidevuni.

Kabla ya mtu, inua mifuko ya mchanga yenye uzito wake hadi mahali penyewe, uishushe. Opareta asiondoke kwenye usukani. Redio ikinyamaza, kreni isimame.

Fundi akifika juu, ajifunge kwenye mti kwa kamba ya pili na mkanda wenye waya ndani, msumeno usiukate. Afunge slingi kwenye tawi, ajitoe kwenye kreni, ashuke chini ya mkato, ndipo akate. Mtu na mzigo wasiwe kwenye ndoano moja. Mkaratusi mbichi una takriban tani moja kwa mita ya ujazo: kigogo cha kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 3 ni karibu kilo 400, na kikiachia ghafla huitikisa bumu nzima. Mti ukiwa hauna pa kujifunga, tafuta kreni ya pili.

Anza saa moja asubuhi. Mchana upepo wa ziwa na radi huja upesi. Upepo ukifika kilomita 32 kwa saa, shuka.

Nyaya za umeme zizimwe na Kenya Power kabla ya kazi. Zisipozimwa, hata za kilovolti 11, bumu, waya na mtu wakae mita 3 au zaidi mbali nazo. Bumu ikigusa, opareta abaki ndani na asiwepo wa kuishika kreni mpaka umeme uthibitishwe kuzimwa.