Namna ya Kuwapanga Magwiji wa Mpira wa Kikapu
Kabla ya kutaja jina lolote, kubalianeni mnapima nini: ubora wa mchezaji alipokuwa kileleni, au jumla ya aliyoyafanya tangu aanze hadi astaafu. Mizani ya kwanza humpendelea Michael Jordan, aliyecheza fainali 6 za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na kuzishinda zote, ilhali ya pili humwinua LeBron James, ambaye Februari 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387.

Idadi ya mataji itumieni kwa tahadhari. Robert Horry anayo 7, na sijasikia mtu akimweka juu ya Jordan. Bill Russell alitwaa 11 katika misimu 13, lakini alipoanza, NBA ilikuwa na timu 8 tu. Tena mipira aliyoizuia, ambayo ndiyo iliyompa sifa, haimo katika takwimu rasmi, kwa kuwa ilianza kuhesabiwa msimu wa 1973/74, yeye akiwa amekwisha kustaafu.

Kwa hiyo mlinganisheni kila mchezaji na wapinzani wa zama zake kwanza, ndipo mvuke kwenda zama nyingine. Anayebadilisha kipimo katikati ya mjadala ili kumwokoa kipenzi chake, mrudisheni kwenye kile mlichokubaliana.